Windows ao Linux? Mabishano ya Mushaki juu ya mashine yenye majina yetu

Mwezi wa 11 mwaka 2019, wakati mvua ya Masisi ilikuwa inanyesha asubuhi na magaribi, mama mmoja alipanda kutoka upande wa Karuba mpaka kwenye biro yetu hapa Mushaki. Bwana yake alikuwa amefunikwa na udongo ndani ya shimo siku 4 mbele. Hakuja kulia. Kilio alikuwa amekiacha nyumbani pamoja na watoto. Alikuja na swali moja: "Bwana yangu alikuwa analipa mchango ao hapana? Mashemeji bananiambia aliacha tangu mwezi wa 6."

Kwa wale wasiojua kazi yetu: kila mchimbaji aliye ndani ya sendika yetu anatoa mchango wa mwezi. Akikufa shimoni, kese inasaidia kununua sanduku na inaacha kitu kidogo mikononi mwa familia. Kama alikuwa nyuma kwa miezi 3, msaada unapungua; hiyo ni sheria tuliyojiwekea wenyewe. Njo maana kwa kila mtu tunaandika jina, namba ya karte yake ya mchimbaji, shimo lake, mwezi wa mwisho aliolipa, na mtu wa kuitwa kama hatari imefika. Huyo wa kuitwa ndiye anayepokea feza. Mashemeji walikuwa wanajua hivyo pia.

Jibu la yule mama lilikuwa mstari mmoja ndani ya kompyuta yetu. Sekretere akaifungua. Ikaandika maneno meupe juu ya ekra ya buluu, kisha ikajizima. Akaifungua tena, ikafanya vile vile. Ya tatu haikufika hata kwenye buluu. Basi tukachukua flashi ambamo tunaweka kopi. Humo dosie zote zilikuwa zimegeuka rakursi, ukibonyeza moja haifungui kitu. Mama alikuwa amekaa kwenye banko, mikono juu ya magoti, akituangalia tunavyohangaika sawa watoto waliovunja chungu. Tulimpa chai. Jibu hatukuwa nalo.

Alirudi Karuba na miguu. Siku 9 zikapita mbele ya kupata ukweli, na ndani ya siku hizo aliuza mbuzi 2 kwa kulipa deni ya sanduku. Tunasema jambo hili wazi katika gazeti kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kwa sababu tunajua wenzetu wa Rubaya, wa Ngungu na wa Walikale wanaonunua kompyuta siku hizi wataliona na wao.

Tangu siku ile biro yetu iligawanyika mara mbili. Upande mmoja kuko sekretere, mtu wa Windows. Upande mwingine kuko kijana mmoja, mtoto wa mchimbaji mwenzetu, aliyesoma informatiki miaka 2 kule Goma mbele ya minervali kumshinda. Yeye ni mtu wa Linux. Na katikati kuko sisi wengine, ambao mpaka mwezi ule tulidhani kompyuta ni kompyuta tu, sawa jembe ni jembe.

Acha kwanza tueleze kitu wanachobishania. Wasomi wanakiita kwa Kifaransa système d'exploitation, na neno hilo lilituchekesha sana, maana exploitation sisi tunaijua: ni ya koltani. Lakini ukiangalia vizuri, mfano unafaa. Ndani ya kompyuta kuna programu nyingi: ya kuandika barua, ya kuhesabu feza, ya kutazama picha. Hizo ni wachimbaji. Zote zinataka kitu kimoja kwa wakati mmoja: nafasi ya kufanyia kazi, akili ya kuhesabu, ekra, moto wa batri. Sasa anahitajika mkubwa wa kusimama mdomoni mwa shimo, wa kusema nani anashuka, nani anashika kamba, nani anapewa pompi, na nani haruhusiwi hata kukaribia. Huyo mkubwa ndiye mfumo wa kompyuta. Akisinzia, timu mbili zinachimba nguzo moja na kila kitu kinaanguka. Windows ni mkubwa mmoja, Linux ni mkubwa mwingine. Kuko na wa tatu, wa mashine za Apple, lakini bei ya mashine zile haipandi mlima wa Mushaki, tumuache.

Watu wa Masisi hatuwezi kusema kwamba mabishano ya mifumo ni kitu kigeni. Tangu 2014, magunia ya koltani ya Rubaya yalianza kuvishwa etiketi za plastiki za iTSCi, namba inaandikwa kwenye kaye, gunia linashuka Goma. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya SMB ikatoka katika mfumo huo na kuingia katika mwingine, ule wa RCS Global, na mpaka leo ukikaa pahali pa kunywa kasiksi utasikia watu wanauliza upi ni wa kweli. Sisi tumejifunza kitu kimoja pale: etiketi haijui kusema uongo wala ukweli, inasema kile mtu ameandika. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilieleza zaidi ya mara moja vile etiketi zinavyouzwa na kutembea toka shimo moja kwenda lingine. Tuliingia katika mabishano ya kompyuta na jicho hilo.

Turudi kwa yule mjane. Siku ya 3 kisha yeye kuondoka, kijana alikuja na laptopu yake na flashi yake mwenyewe. Hakuingiza kitu chochote ndani ya mashine, alichomeka tu flashi na kuwasha. Laptopu ikaamka na sura ambayo hatukuijua: ilikuwa Linux inayotembea toka ndani ya flashi, bila kugusa diski. Kisha akachomeka ile flashi yetu yenye rakursi. Dosie zote zikatokea, zote, na majina yake! Watu walipiga kelele sawa goli limeingia.

Akatueleza. Ile virusi, ambayo kila siber na kila sekretaria ya barabarani inaijua, haifuti kitu. Inaficha dosie za kweli na kuweka rakursi za uongo pahali pake, na rakursi hizo ukizibonyeza unaibeba virusi kwenda nayo kwenye mashine yako. Imeandikwa kwa lugha ya Windows. Linux haisikii lugha hiyo, na haijali ile alama ya kuficha, kwa hiyo inaona dosie vile zilivyo.

Sekretere hakufurahi. Keshoyake alishuka Goma, akakaa kwa fundi mmoja, na akarudi na karatasi yenye mstari mmoja wa amri. Akaazima kompyuta ya Windows ya mwalimu mmoja, akaandika ule mstari mbele yetu, na dosie zikatokea vile vile. "Munaona?" akasema. "Dawa iko hata kwa Windows. Kosa ni letu, hatukujua." Hapo tulimpa haki yake. Alikuwa na haki kabisa.

Kopi ya flashi ilikuwa ya mwisho wa mwezi wa 8. Ilionyesha marehemu amelipa mpaka mwezi ule wa 8, si wa 6. Miezi 2 iliyobaki ilikuwa ndani ya kompyuta tu, na kompyuta ilikuwa imekufa. Ni mama mweka hazina aliyetuokoa. Yeye hakuacha hata siku moja kuweka vipande vya risiti vinavyobaki kwenye kitabu. Tulikaa usiku na taa ya sola tukivifungua kimoja kimoja, vingine vilikuwa vimeshikana kwa unyevu. Mwezi wa 9 ulikuwako. Mwezi wa 10 ulikuwako, na sahihi ya marehemu, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara mingi. Na kwenye faili, pahali pa mtu wa kuitwa, palikuwa jina la bibi yake. Mashemeji walikuja kusikiliza, wakasoma wenyewe, wakaondoka bila kuaga.

Kompyuta yenyewe tulipeleka Goma. Fundi akaifungua, akasikiliza diski duru sawa daktari, akasema inakwaruza, imekufa. Ile ekra ya buluu haikuwa ugonjwa wa Windows wala wa mtu yeyote: chuma kilikuwa kimechoka. Laptopu tulinunua kuukuu kwa dolari 130, imetembea njia ya Sake kupanda huku juu ya pikipiki mara hatujui ngapi, wakati mwingine imefungwa pamoja na fromaji. Hata Linux ingekuwa ndani ingekufa na yo. Jambo hili kijana mwenyewe alilisema, na tulimheshimu zaidi kwa kulisema.

Tukanunua diski nyingine. Sasa diski tupu ilikuwa juu ya meza na swali likarudi: tuweke nini ndani?

Tuliita mkutano Jumapili tarehe 26 mwezi wa 1, kisha misa. Watu walikuja kuliko siku za kugawa feza. Bila shaka wengine walikuja kuona sekretere na kijana wakipigana.

Sekretere alianza. Alisema maneno ya mtu mzima. Windows inajulikana. Ukishuka Sake ao Goma, kila fundi anaijua, kila siber iko nayo, kila shule inafundisha hiyo. Karatasi za serikali zinakuja katika Excel. Imprimanti unachomeka na inatembea. Yeye mwenyewe alijifunza hiyo tangu kijana, vidole vyake vinajua njia hata gizani. "Munataka niwe mutoto wa darasa la kwanza tena, na miaka yangu hii?" Watu walicheka lakini alikuwa anasema kweli: mfumo ambao mwenye kuutumia hauelewi, huo hautegemeki, hata kama ni mzuri namna gani.

Kijana akauliza: "Papa sekretere, Windows yetu ilikuwa ya ngapi?" Ilikuwa ya 7. Na hapa alitoa habari ambayo wengi hatukuwa nayo. Windows 7 ilitoka 2009. Tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka 2020, siku 12 tu mbele ya mkutano wetu, Microsoft iliacha kutoa marekebisho yake kwa watu wa kawaida. Makampuni makubwa yaliweza kulipa ili yaendelee kuyapata, sisi hapana. Maana yake si kwamba mashine itazimika. Itatembea. Lakini kila tundu ambalo wezi watalivumbua kuanzia sasa litabaki wazi, sawa shimo ambalo boisaji yake hakuna mtu anayeibadilisha tena. Unaweza kushuka humo miaka. Unaweza pia kushuka humo mara moja.

Akatoa mfano wa 2017. Mwezi wa 3 mwaka ule Microsoft ilitoa marekebisho ya tundu moja kubwa. Watu wengi duniani hawakuyaweka. Tarehe 12 mwezi wa 5 virusi inayoitwa WannaCry ikapita katika tundu hilo hilo, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200 000 katika nchi karibu 150, na kuomba dolari 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa. Renault kule Ufaransa ilisimamisha kazi katika viwanda vyake kadhaa. Nyingi za mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, na dawa yake ilikuwako tangu miezi 2.

"Basi tununue Windows 10," mtu mmoja akasema nyuma. Bei? Kule Marekani Microsoft yenyewe wakati ule ilikuwa inaiuza dolari 139, ile ya nyumbani. Ilipita bei ya laptopu yetu! Hapa ndipo tulitazama chini, maana wote tulijua ya kwamba ile Windows 7 haikuwa ya kununua. Ilikuwa kopi iliyowekwa kwa dolari 5, sawa karibu kila kompyuta unayoikuta huku. Na tangu mwanzo fundi alikuwa ameizima isitafute marekebisho, kwa kuogopa isije ikagunduliwa. Kwa hiyo miaka yote tuliyokuwa tunasema Windows inatuletea virusi, tulikuwa tunaongea juu ya Windows ambayo mwenye kuitengeneza hakupata nafasi hata siku moja ya kuitibu. Si haki kumshitaki.

Kuhusu Linux, tulipewa historia fupi. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo wake na kuuacha wazi, kila mtu asome, arekebishe, achukue. Leo ni watu maelfu, na makampuni makubwa pia, wanaouandika. Hakuna bei. Una sura nyingi. Moja inaitwa Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Miaka ya kwanza walikuwa wanatuma diski zake bure kwa posta dunia nzima. Jina ni la lugha za Afrika ya Kusini na maana yake ni utu, lakini wale kati yetu wanaosema Kinyarwanda walicheka mara moja: ku buntu ni bure.

Neno "bure" ndilo lililoleta mashaka. Mzee mmoja, mchimbaji tangu enzi ya koltani kupanda bei mwaka 2000, akasimama: "Kitu ya bure iko na mwenyewe mahali fulani. Nani analipa?" Swali zuri. Kijana akaomba wenye simu za kugusa wazitoe mfukoni. Zikatoka kama 20. "Zote hizi ni Android," akasema, "na chini kabisa ya Android kuko Linux. Muko nayo tangu zamani." Akaongeza ya kama zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu mwezi wa 11 wa 2017 zote zinatembea na Linux, hata moja haikubaki na kitu kingine. Wanaolipa ni makampuni yanayoihitaji kwa kazi yao. Mzee akakaa, lakini alikunja uso, na tunafikiri alifanya vizuri.

Maana Linux na yo iko na aibu zake. Mwezi wa 9 wa 2014 watu waligundua tundu moja, wakaliita Shellshock, ndani ya programu ambayo karibu kila Linux inaibeba. Lilikuwa limekaa humo zaidi ya miaka 20. Macho ya dunia yote yanaruhusiwa kusoma, lakini hakuna aliyelisoma! Na kwa upande wa Windows, wale wanaofuata marekebisho vizuri nao hawako salama kila siku: mwezi wa 10 wa 2018 Microsoft ilitoa sura mpya ya Windows 10, ikafuta dosie za watu wengine, na siku chache kisha ikalazimika kuisimamisha. Hii ilitushtua kuliko WannaCry. Mwizi kuiba ni kazi yake. Lakini mlinzi?

Kisha mama mweka hazina akainua mkono. Tumesema yeye ndiye aliyetuokoa na vipande vyake vya risiti, kwa hiyo nyumba ilinyamaza. Hakuuliza habari ya virusi. Alimwangalia kijana: "Mutoto wangu, siku utapata kazi Goma, ao utaenda Kampala sawa wenzako, nani atatengeneza hii Linux yako hapa Mushaki?"

Kijana hakuwa na jibu la haraka. Kwetu sisi swali hilo lilikuwa na uzito kuliko mengine yote ya siku ile, na lingestahili kuulizwa la kwanza. Mtu akiuliza mfumo gani unategemeka, mtu wa Ulaya anafikiri ni mara ngapi unazimika wenyewe. Hapa tunauliza ukizimika, nani ataamsha, yuko umbali gani, njia ya Sake imefungwa na magari yaliyokwama ao hapana, na mega zitatosha. Windows kwa hesabu hiyo iko na mafundi kumi Goma. Linux iko na mtoto mmoja, na anakula kwa mama yake.

Tulibishana mpaka jua likashuka. Tukapiga kura: 17 kwa Linux, 11 kwa Windows, wengine walikuwa wamekwenda kukamua ngombe. Lakini kura ilikuwa na masharti, na masharti ndiyo tunayojivunia. Moja, ni majaribio mpaka mwisho wa mwezi wa 4, na kwa bahati ni mwezi huo Ubuntu mpya ilitoka. La pili, kijana atafundisha watu 2, mmoja wao sekretere mwenyewe, na kila mmoja lazima aweze kuiweka upya toka kwenye flashi bila kumuita. Tatu, kitabu cha risiti hakifi.

Tuliweka ile aina nyepesi inayoitwa Xubuntu, ya 2018, kwa kuwa laptopu yetu iko na giga 2 tu za kumbukumbu na Windows 10 ingekuwa inapanda mlima na magunia mawili. Marekebisho ya hiyo yalitolewa mpaka mwezi wa 4 mwaka 2021. Kijana akishuka Goma alikuwa anabeba laptopu, anayachukua kule, maana mtandao wa hapa ulikuwa unakula unite bila kumaliza kazi.

Na tukaanza kuijaribu kwa namna yetu. Kila Jumamosi ya mwezi wa 2, prezida wetu mwenyewe alichomoa batri na shajeri kwa pamoja wakati orodha iko wazi juu ya ekra. Mara ya kwanza sekretere alifunga macho. Mashine iliamka mara zote 5. Mara moja tulipoteza mistari 6 ambayo sekretere alikuwa hajaihifadhi. Sekretere, ambaye anapenda haki kuliko sisi tulivyofikiri, akaazima tena ile Windows ya mwalimu na kufanya vile vile. Nayo iliamka. Nayo ilipoteza mistari ambayo haikuhifadhiwa. Kwa ugonjwa wa kukatika moto, basi, hakuna mshindi, kuko tu mtu anayekumbuka kuhifadhi na mtu anayesahau.

Mahali Linux imetuangusha tuseme pia. Ofisi moja ilituma fomu ya Excel ya kujaza. Programu yetu ya bure, LibreOffice, iliifungua lakini masanduku yalihama, vifungo vya ndani havikutembea. Sekretere alishuka mpaka siber ya Sake kuijaza. Alirudi na matope mpaka magotini na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Imprimanti ya parokia, ambayo tunaazima, ilichukua mchana mzima mbele ya kukubali kuandika. Lakini rakursi hatujaziona tena. Wachimbaji wanatuletea flashi zao za miziki na sinema kusudi tuzisafishe, na imekuwa kazi ndogo ya biro: franka 500, zinaingia katika kese.

Siku moja, wakati tunasubiri laptopu iwake, yule mzee mwenye uso wa kukunja aliuliza kama ni kweli ndani yake kuna jiwe letu. Tukamwambia ndiyo, tantale inayotoka katika koltani inatumika kutengeneza vidude vidogo vya kushika umeme, viko ndani ya simu na ndani ya kompyuta nyingi. Akaigeuza, akaangalia chini, akairudisha. "Basi walitulipa kidogo," akasema.

Sasa kila Jumamosi orodha inakwenda katika flashi 2. Moja inakaa kwa mama mweka hazina, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nyingine inashuka Goma na dereva wa pikipiki tunayemwamini, inalala kwa ndugu ya prezida. Mwisho wa mwezi tunaandika zote kwenye karatasi, parokia wakiwa na wino.

Wakati wa kuandika orodha upya tulilinganisha. Kompyuta inasema tuko 412. Vitabu vya risiti vinasema 414. Wawili walilipa mchango kati ya mwezi wa 9 na wa 11 mwaka 2019, risiti zao zimelowa, jina la kwanza la mmoja linaanza na B, la mwingine halisomeki kabisa. Kama ni wewe, ao kama ni bwana yako, panda Mushaki siku yoyote isipokuwa Jumapili, na ile nusu ya risiti uliyopewa.